Kulisha Mboga na Kulisha Njugu Karanga
Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Shamba mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Tumepewa nafasi hii baada ya Mweka Hazina kwisha kuwasomea hesabu zake, na bila shaka kila aliyesikiliza ameuona mstari ule mmoja uliowafanya wengine kunong'onezana: kwamba fedha zilizotumika juu ya njugu karanga za mvua ndefu zimezidi fedha zilizopatikana. Hatukuja kuuficha mstari huo. Twaja kueleza jinsi ulivyotokea, kisha tuwaombe mtupe msimu mmoja tena, kabla ya kukata shauri la kumrudishia mzee wetu kipande chake cha ardhi kama walivyoshauri baadhi ya wanachama.

Kwa faida ya ndugu zetu wafanyao kazi Nairobi na Nakuru, ambao huliona shamba mara moja kwa mwaka wajapo nyumbani kwa Krismasi, tukumbushe kwamba shamba letu lina sehemu mbili, kila moja kama robo ya ekari. Sehemu ya chini iko kando ya kijito, nayo ni ya udongo mweusi mzito. Huko hupandwa mboga za kiangazi, tangu Desemba mpaka Februari, wakati ambapo sukuma wiki huadimika sokoni na bei yake hupanda. Sehemu ya juu ni ya udongo mwepesi wenye mchanga. Huko hupandwa karanga mvua ndefu zianzapo mwezi wa Machi. Faida ya mboga huingia katika mfuko wa matanga. Faida ya karanga, kwa azimio lenu wenyewe, ni karo ya watoto wa wanachama waliofariki. Basi karanga zilipotupotea, haikuwa Kamati iliyolala njaa. Watoto wawili walikaa nyumbani juma zima la kwanza la muhula wa tatu, mpaka ulipofanywa ule mchango wa ghafula ambao wengi wenu mlitoa kwa moyo mwema na wachache kwa manung'uniko. Hatuwalaumu hao wachache.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Wakati wa kiangazi tulitia mbolea ya CAN katika sukuma wiki, kizibo kimoja cha soda kwa kila mche, na haikupita hata wiki mbili majani yakabadili rangi yakawa meusi kwa ubichi. Tukafurahi mno. Mboga zilipokwisha, lilibaki nusu gunia la mbolea hiyo, na sisi, ambao ni watu wa kalamu zaidi kuliko jembe, tukasema: kilichoifaa sukuma wiki hakiwezi kuzidhuru karanga. Tukazitilia mara mbili. Karanga zikaota majani mazito yaliyofunika ardhi yote, hata wapita njia wakawa wanasimama ukingoni mwa shamba na kutusifu, nasi tukapokea sifa hizo bila haya. Mwezi wa Julai tukang'oa. Maganda yalikuwepo, tena makubwa ya kupendeza. Lakini ukilibonyeza ganda kwa kidole, lapasuka, na ndani hamna ila upepo. Mama mmoja mzee, mjane wa mwanachama mwenzetu, alilibonyeza la kwanza, na la pili, na la tatu, akatutazama akasema, “Wanangu, mmelisha majani.” Hakusema neno jingine siku ile.

Maneno ya mama huyo ndiyo yaliyotutuma kwa Bwana Shamba, na kupeleka udongo wetu upimwe, jambo ambalo ilitupasa kulifanya kabla ya kununua hata kilo moja ya mbolea. Haya tuyasemayo sasa ndiyo tuliyojifunza.

Mkaranga ni mmea wa ajabu. Huchanua maua madogo ya manjano juu ya ardhi, kama siku 30 baada ya kupandwa. Ua hufunguka alfajiri na kunyauka siku ile ile. Kisha, mahali pa ua, hutoka kikonyo chenye ncha kama sindano, ambacho huinama, hushuka, na kujichoma ndani ya udongo kiasi cha inchi 2. Huko gizani ndiko ganda hufanyika. Wazee wanalijua jambo hili kwa njugu mawe, ambazo ni zao la Afrika tangu asili na hujificha ardhini vivyo hivyo. Karanga ni mgeni aliyetoka Amerika ya Kusini akaletwa katika bara hili na Wareno. Lakini jambo tusilolijua sisi ni hili: ganda lile changa halingojei kuletewa kila kitu na mizizi. Kuna chakula kimoja ambacho hujinyonyea lenyewe, kwa ngozi yake, kutoka katika udongo unaoligusa. Chakula hicho ni kalsiamu, yaani ile asili ya chokaa ambayo pia hujenga mifupa yetu. Mizizi yaweza kunyonya kalsiamu tele na kuipeleka kwenye majani, wala isirudi chini kulifikia ganda. Kama udongo wa juu, ule wa inchi 3 au 4 za kwanza, hauna kalsiamu ya kutosha, ganda hukua likawa nyumba nzuri isiyo na mwenyeji. Hayo ndiyo mapepe tuliyoyavuna.

Tena tuliambiwa kwamba udongo wetu umechachuka, yaani umekuwa na asidi nyingi. Twatia DAP katika mahindi na mboga mwaka hata mwaka, na mbolea hiyo, pamoja na wema wake wote, huzidisha asidi ikitumiwa daima bila kurudishiwa ardhi chokaa. Udongo wa mchanga nao hauna nguvu ya kuishika kalsiamu. Mvua kubwa huichukua ikaenda nayo chini.

Na CAN je? Sukuma wiki twaila majani, kwa hiyo twailisha majani, na chakula cha majani ni naitrojeni. Mkaranga, kama maharagwe na kunde, hujitafutia naitrojeni yake. Ng'oa mche wenye umri wa wiki 6 hivi, uukung'ute taratibu, utaona juu ya mizizi vinundu vidogo kama punje za mtama. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi nyekundu nyekundu ndani, jua wafanyakazi wamo kazini: ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoigeuza hewa kuwa chakula cha mmea. Ukimwaga naitrojeni ya gunia juu yao, mmea hauna haja nao tena, na vinundu huwa vichache. Mmekwisha kulipa fedha kwa kitu mlichokuwa mkipewa bure. Na mbaya zaidi, sisi tuliutia mmea katika anasa ya majani wakati ambao ulipaswa kushughulika na maganda.

Basi shauri la Kamati kwa robo ile ya juu ni hili. Fedha za CAN ya karanga zifutwe kabisa katika makisio. Badala yake tununue chokaa ya kilimo, magunia 4 ya kilo 50, sawa na tani 2 kwa hekta, kama tulivyoelekezwa baada ya udongo kupimwa. Mtu mwenye shamba lake asichukue kipimo hiki akakiiga; apime udongo wake, maana chokaa ikizidi nayo huleta matatizo. Mawe ya chokaa huchimbwa hapa hapa kwetu magharibi, huko Koru, kwa hiyo gharama kubwa ni usafiri. Chokaa hii itatawanywa mwezi wa Januari na kuchanganywa na udongo kwa jembe, ili ipate wiki nyingi za kufanya kazi kabla ya mbegu. Kisha, maua yaanzapo, tunyunyize jasi, kilo 40 kwa robo ekari, juu ya mistari pale vikonyo vitakaposhukia. Jasi huyeyuka upesi kuliko chokaa, nayo hulipa ganda kalsiamu kwa wakati linapoihitaji. Mmoja wenu aliuliza kama majivu ya jikoni hayatoshi. Majivu yana asili ya chokaa, ni kweli, na machache yaliyochanganywa mapema na udongo hayana ubaya. Lakini yana potasiamu nyingi vile vile, na hiyo ikizidi pale penye maganda hushindana na kalsiamu. Tuyapeleke majivu kwenye mboga.

Mbegu ni kama kilo 10 zilizobanguliwa. Twapendelea ile aina nyekundu iitwayo Red Valencia, ambayo hukomaa kwa siku 90 hadi 100. Mistari iachane futi moja na nusu, na mbegu inchi 4. Wengine watasema huko ni kubanana. Ni kubanana kwa makusudi. Kuna ugonjwa wa rozeti, ulioandikwa kwa mara ya kwanza huko Tanganyika mwaka 1907, ambao huusinyaza mkaranga ukawa kama kichaka kidogo cha majani ya manjano. Huenezwa na vidukari, na vidukari hupenda kutua mahali penye ardhi tupu kati ya miche. Shamba lililopandwa mapema na kufungana upesi huponea mara nyingi. Palizi ifanywe mara mbili kabla vikonyo havijaanza kushuka. Baada ya hapo jembe likatazwe kabisa, magugu yang'olewe kwa mkono. Anayepita na jembe wakati huo anakata watoto tumboni.

Hapa turuhusiwe kutoka njiani kidogo. Baadhi ya wazee walisimuliwa na baba zao habari za ule mpango mkubwa wa karanga wa Tanganyika, ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, baada ya kupoteza pauni kama milioni 36. Huko Kongwa yalipelekwa matrekta kwa mamia. Lakini mvua haikutosha, na udongo wa pale, jua likiupiga, hukauka ukawa kama saruji, hata karanga zilizokubali kuzaa zikashindikana kutolewa ardhini. Twautaja mpango huo kwa sababu mwanachama mmoja, kwa uchungu, alituita Kongwa katika mkutano wa Agosti. Tulicheka, ingawa lilituchoma. Udongo wetu wa juu ni mwepesi, karanga zang'oka kwa mkono, mvua si haba. Kosa letu lilikuwa la gunia moja, na gunia moja laweza kusahihishwa.

Sasa tushuke kijitoni kwenye mboga, ambako hatukukosea sana, lakini tulipoteza zaidi kuliko mnavyodhani. Samadi yetu ya ng'ombe, iliyotolewa na wanachama kwa ukarimu, tuliimwaga chini ya mti ikakaa wazi mvua zote fupi. Mvua ilipoipiga, maji meusi yalitiririka mpaka kijitoni. Maji yale meusi ndiyo yaliyokuwa mbolea. Tuliyoyabeba Desemba yalikuwa makapi. Mwaka huu samadi irundikwe mahali palipoinuka, ichanganywe na mabua yaliyokatwa katwa na takataka za jikoni, ifunikwe kwa majani ya migomba, igeuzwe kila baada ya wiki 3, na isipelekwe shambani mpaka ukiishika haichomi mkono wala hainuki. Robo ile ya chini yahitaji kama toroli 20. Viganja viwili katika kila shimo la sukuma wiki, vichanganywe na udongo, ndipo mche utiwe.

CAN itaendelea kutumika huku, kwa maana huku ndiko kwake. Mche ukiisha kushika, kama wiki 3 au 4 baada ya kuhamishwa kutoka kitaluni, upewe kizibo kimoja, duara kuuzunguka, umbali wa shibiri ndogo kutoka kwenye shina, juu ya udongo wenye unyevu. Tumewaona watu wakiibandika mbolea kwenye shina lenyewe, kisha wakashangaa mche kuungua. Baada ya kuvuna majani mara kadhaa, upewe tena. Mchicha na kunde za majani hazihitaji hata nusu ya hayo zikiwa zimepata samadi.

Nyanya ndizo zilizotusumbua, na hapa twaona ndugu wa ugonjwa wa karanga. Mtakumbuka nyanya nzuri zilizokuwa na kitako cheusi kilichobonyea, ambazo akina mama wa soko walizikataa. Tulidhani ni mdudu, tukanunua dawa, na dawa haikufanya kitu. Ni kalsiamu ile ile kulikosa tunda. Lakini kwa nyanya mara nyingi sababu si upungufu katika udongo, bali ni maji: leo mnamwagilia ndoo tatu, kisha siku nne hakuna aliyekwenda, na kalsiamu haisafiri bila maji. Mbolea ya majani ikizidi, mambo huwa mabaya zaidi. Dawa yake ni zamu za kumwagilia zinazoheshimiwa, na nyasi kavu zilizotandazwa kuzunguka mashina ili unyevu usiruke. Orodha ya zamu imebandikwa ukutani. Majina mawili hayajawahi kuonekana kijitoni tangu orodha ilipoandikwa, na hatutayasoma hapa.

Juu ya kubadilishana mimea twasema machache tu. Nyanya, viazi, biringanya, pilipili na hata mnavu ni ukoo mmoja na huambukizana magonjwa ya udongo. Visifuatane mahali pamoja. Majani na mizizi ya karanga yarudishwe ardhini, na mvua fupi zijapo tupande mboga za majani huko juu, zile naitrojeni iliyoachwa na karanga.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililoleta ugomvi kati yetu na baadhi ya wazee, kwa hiyo tulieleze bila haraka. Zile karanga chache zilizokuwa na punje tulizitia katika magunia kabla hazijakauka, kwa kuogopa wezi, tukazirundika juu ya sakafu. Baada ya majuma machache zikawa na ukungu wa kijani. Palitokea shauri la kuzikaanga na kuuza kwa bei ndogo, au kuwapa kuku na ng'ombe, ili Chama kisipate hasara juu ya hasara. Kamati ilikataa, ikachimba shimo, ikazifukia zote. Wazee wawili walikasirika, na hatuwezi kusema hawakuwa na haki ya kuuliza.

Sababu yetu ni hii. Kuvu iotayo juu ya karanga na mahindi yaweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii iligunduliwa baada ya mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Kukaanga hakuimalizi. Ng'ombe akiila, huonekana tena katika maziwa. Ikiliwa kidogo kidogo kwa muda mrefu yaweza kuleta saratani ya ini. Ikiliwa nyingi kwa mara moja, huua. Hapa kwetu Kenya, mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Viwango vya Kenya haviruhusu karanga zenye zaidi ya sehemu 10 katika sehemu bilioni moja, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona wala ulimi kukionja. Tungewezaje kuwauzia watoto wa jirani karanga hizo, ili tupate karo ya watoto wetu?

Mwaka huu karanga zitang'olewa zikiwa zimekomaa, yaani ukilifungua ganda uone ndani limeingia weusi weusi. Zitapinduliwa maganda juu, zipigwe na jua na upepo, kisha zianikwe juu ya turubai, wala si juu ya udongo, na zifunikwe kila jioni. Zitakuwa tayari ukizitikisa zikilia ndani ya ganda. Ziwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Na wale wanaobangua wasizinyunyizie maji ili maganda yalainike. Twajua vidole huuma, lakini maji yale ndiyo kaka yake ukungu. Kamati yaomba ruhusa ya kununua mashine moja ndogo ya kubangulia kwa mkono.

Haya ndiyo maombi yetu, Bwana Mwenyekiti: msimu mmoja, magunia manne ya chokaa, jasi kilo 40, turubai mbili, na mashine hiyo. Karanga zikishindwa tena, sisi wenyewe tutakwenda kwa mzee mwenye ardhi, tumshukuru, na kumrudishia kipande chake kikiwa kimelimwa na kusafishwa.

Samadi itaanza kurundikwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Oktoba, saa moja ya asubuhi, penye mwinuko nyuma ya ghala. Tunazo toroli mbili, na moja haina gurudumu. Mwenye toroli nzima aje nayo.